Ini la mtu asiyekunywa

Mjomba alitoka kupigwa picha ya tumbo akiwa amenuna. Daktari alimwuliza mara mbili kama anatumia pombe. "Mimi! Na ndevu hizi!" Ini lake limejaa mafuta, lakini njia nzima mpaka Mkomani hakulitaja. Alilalamikia kuvunjiwa heshima tu.

Simlaumu. Hapa Lamu ugonjwa wa ini tumewaachia walevi. Mtu akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, barazani watu wananong'ona: kumbe alikuwa akinywa kwa siri. Wengine watasema karogwa. Naye ataficha, ataficha, mpaka uvimbe ushindikane.

Kumbe ini lenyewe hutengeneza mafuta kwa sukari na wanga uliozidi. Chai ya vijiko vinne, mahamri, soda ya mchana, halua ya jioni, kisha bodaboda ya kutupeleka pale tulipokuwa tukienda kwa miguu. Mafuta hayo hukaa miaka bila kuuma. Wengi hawafiki mbali, ila kwa baadhi ini huwaka ndani kwa ndani, likafanya makovu, likawa gumu, na saratani ikapata pa kuanzia. Wapo hata wanaopata saratani ini likiwa bado halijawa gumu.

Ni kweli kwetu Afrika homa ya ini ya B bado ni chanzo kikubwa zaidi cha saratani hiyo, na mahindi yenye aflatoksini, ile sumu ya ukungu, pia yamo. Lakini homa ya B ina chanjo. Kitambi hakina, na sisi tunakisifu: amenawiri!

Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini viliupa ugonjwa huu wa mafuta kwenye ini jina jipya, neno la pombe likaondolewa. Laiti na baraza zetu zingesikia.

Mjomba ana kilo 100 kamili. Akipunguza 7 hadi 10, ini hupata nafuu, pengine hata makovu yakapungua. Kahawa hakukatazwa, tena tafiti nyingi zimeona wanywaji kahawa hawapati sana saratani ya ini. Ubaya ni kashata. Jana muuza kahawa kainamisha dele, mjomba kapokea kikombe, mkono ukaelekea kwenye sinia la kashata, ukasita, ukarudi.

Wenzake wakamwuliza kulikoni. Akawaambia ana presha.