Koki ya kutolea maji inunuliwe kwanza

Vijana wanaopita ofisini kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kuleta video za harusi na sendofu zihaririwe, huwa wanasimama kwenye kompyuta yangu, ambayo hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndani yake. Wanaangalia rejeta inayoyapoza maji hayo, wanaangalia feni, wanauliza ile rangi ya maji kwenye tangi nimeipata wapi. Wawili tayari wameanza kukusanya vifaa ili wajijengee za kwao. Hakuna aliyewahi kuniuliza maji hayo yanatokaje siku ya kuyabadilisha.

Nami sikulifikiria hilo nilipojenga ya kwanza. Hela yote iliishia kwenye pampu, rejeta na kile kipande cha shaba nyekundu kinachokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mwaka ulipopita, maji yakaanza kuwa na ukungu, ikabidi yatolewe. Nililaza kasha la kompyuta juu ya mkeka, nikaweka beseni, nikalegeza mpira wa chini. Mpira ulipochomoka, maji hayakungoja beseni. Yalipita nyuma ya kadi ya grafiki yakaingia kwenye pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kadi ilipona baada ya kukaushwa siku tatu. Pawasaplai haikupona, na nyingine ilibidi itoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Bwana na bibi harusi waliniamini na kazi yao, wakasubiri wiki mbili kwa sababu sikuwa na koki, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: koki ya kutolea maji inunuliwe kabla ya taa, kabla ya maji ya rangi, kabla hata ya feni nzuri. Mwenye hela ya kupoza kwa maji lakini hana hela ya koki asubiri mwezi mmoja zaidi.

Vinavyohitajika si vingi. Tii moja (kiungio chenye midomo mitatu), nipo fupi (kibomba cha kuunganishia), koki ya kuzungusha ambayo ndani yake ina kigololo chenye tundu, na plagi ya kuziba mdomo wa koki. Ongeza kiungio kimoja cha mpira ambacho utakifunga mahali pa plagi siku ya kutoa maji tu. Plagi usiiruke hata kama koki haivuji. Koki yenye mkono mrefu inaweza kuguswa na goti, na ofisini watoto wanapita. Mimi nachagua ile yenye kitufe cha mviringo, ambayo haifunguki mpaka mtu aishike na kukusudia.

Sasa suala la duka la vifaa vya ujenzi, maana najua mtakwenda huko. Nilikwenda pia, Gungu, kwa fundi bomba mmoja ninayemheshimu sana. Thredi, yaani mistari ya kuzungushia, za vifaa vya kompyuta ya maji zinaitwa G1/4, na ni za ukoo uleule wa thredi za mabomba yetu ya nyumbani. Ndiyo robo inchi ya fundi bomba, ingawa ukiipima kwa nje unapata kama milimita 13. Nilidhani nimepata njia ya mkato. Mzee akachukua nipo yake na ya kwangu, akaziweka pamoja kwenye mwanga.

"Angalia, kijana wangu. Hii yangu inachongoka kuelekea mbele. Yako imenyooka."

Hapo ndipo penye hatari. Ile inayochongoka huziba kwa kujikaza ndani ya tundu, ikisaidiwa na thredi tepu. Iliyonyooka huziba kwa oringi, yaani pete ya mpira, iliyo kwenye bega lake, na hiyo hukazwa kwa vidole tu. Idadi ya thredi ni ileile, 19 kwa inchi, kwa hiyo inayochongoka itaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa na utaamini imekubali. Endelea kuikaza kwa spana kwenye tangi la akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha ndani, na tangi litapasuka. Halafu kuna suala la madini yenyewe. Rejeta nyingi za kompyuta za kujijengea kama hizi ni za shaba, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yale yale, alumini huliwa. Koki iwe ya shaba njano, hata ikiwa imepakwa nikeli juu.

Mahali pa kuifunga ni chini kabisa ya mzunguko wa maji, kwa kawaida karibu na pampu. Na juu pawe na tundu la kufunguka, mara nyingi kifuniko cha tangi. Mnajua dumu la mafuta likigeuzwa linavyokoroma na kutoa kidogokidogo, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia? Mzunguko uliofungwa juu hufanya hivyohivyo. Fungua juu, maji yatashuka yenyewe. Usiwashe pampu ili iyasukume yaishe, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na maji hayohayo na zikizunguka kavu zinakufa.

Viungio vya kuchomoa, vile vinavyojifunga vyenyewe vikiachanishwa, ni vizuri kwa mtu anayesafiri na mashine yake. Kwa kutolea maji peke yake sioni haja. Ni ghali, na vingi hubana mkondo.

Wazee wa Kigoma wanaijua habari ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, ikiitwa Graf von Götzen, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito kwanza, wakitarajia kuwa kuna siku itaibuliwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Naikumbuka kila ninapomwona mtu anafunga mpira wa mwisho bila kujiuliza ataufunguaje.

Kuhusu maji ya kujaza upya, ziwa liko hapo chini lakini maji yake yana madini, na ya bombani vilevile. Yataacha utando kwenye mifereji myembamba ya shaba iliyo juu ya prosesa. Tumia yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ukinunua maji ya betri, soma chupa mara mbili uhakikishe si asidi.

Mara ya mwisho nilibadilisha maji mwenyewe, jioni, kasha likiwa limesimama mezani. Ndoo ilikuwa sakafuni na mpira umetoka kwenye koki. Yalishuka karibu lita nzima, nikaliinamisha kasha kidogo ili rejeta iachie yaliyobaki, nikafunga. Ukiagiza wiki hii, weka oringi kumi za akiba kwenye mzigo huohuo, maana hapa mjini nimezitafuta za kipimo hicho na sijazipata.