Nimelipia Kulala Chini

Jamani, mimi mtu wa Bagamoyo, nimekulia kwenye mkeka. Kitanda cha tano kwa sita nimekipata ukubwani, kwa mkopo. Sasa niambieni imekuwaje nimefika Korea Kusini, nikatoa hela yangu mwenyewe, nikalala chini!

Wenzangu wa mafunzo ndio walionikokota hadi Hahoe, kijiji cha kale huko Andong, eti tukaone hanok, nyumba za asili. Nikadhani tunakwenda kutazama tu. Kumbe kulala!

Kijiji chenyewe sikisemi vibaya. Mto Nakdong umekizunguka, ukoo wa Ryu umekaa hapo miaka kama 600, na UNESCO wamekitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2010. Ila hao mababu walikuwa wafupi kiasi gani? Kuingia, nikagonga paji la uso kwenye mlango. Kutoka, nikagonga palepale. Na kizingiti hakikanyagwi, mkosi. Basi unainamisha kichwa huku umenyanyua mguu, kama kuku anayevuka mtaro.

Chumbani hakuna hata kigoda. Godoro jembamba kama chapati, mto umejazwa makapi ya nafaka. Ukigeuza shingo utadhani mtu anatafuna bisi sikioni. Mama mwenye nyumba akanipa sehemu ya heshima, upande wa jiko. Nikashukuru, mshamba mie. Kumbe chini ya sakafu kuna njia za mawe: kuni zinawaka nje, moshi na joto vinapita chini yako ndipo vitokee kwenye dohani. Wanaita ondol. Nje baridi ya Januari, ndani ubavu wangu wa kushoto umeshaiva. Usiku kucha najigeuza mwenyewe kama mshikaki usio na mwenyewe.

Mlango nao ni karatasi. Karatasi! Mzee wa chumba cha pili akipiga chafya, mimi navuta shuka.

Choo kiko ng'ambo ya ua. Wakorea wana methali yao, kwamba choo na nyumba ya wakwe vikiwa mbali ndiyo bora. Ya wakwe sina neno. Ya choo, saa tisa usiku, viatu vimelala nje juu ya jiwe na vimekuwa barafu, naikataa.

Asubuhi mama akaleta fahari ya Andong. Nikafunua macho: kibua! Kibua wa chumvi! Mji uko mbali na bahari, zamani wachuuzi walimkoleza chumvi asiwaozee njiani, leo ndiyo sifa yao. Mtoto wa pwani nimepanda ndege mbili kuja kula ng'onda, tena kwa vijiti vya chuma vinavyoteleza.

Nilimmaliza, sikatai. Mama akatoa simu inayotafsiri, akauliza kama nililala vizuri. Nikajibu vizuri sana, mama, asante.

Akafurahi mno. Akatoka kwenda kuongeza kuni. Tumelipia siku mbili.