Mshenga Aliyetoka kwa Kupitia Ukutani

Nyumba ya baba mkubwa kule Igombe, kando ya ziwa, ililetwa na semi. Mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa amemaliza kazi na anauza kempu yake, na baba mkubwa, mtu asiyeweza kusikia neno mnada akabaki amekaa, akanunua ofisi nzima: vyumba vitatu, madirisha ya kuteleza, na kuta za nje za hadibodi iliyochorwa mistari ili ifanane na mbao. Ilipendeza, tusimnyime haki yake. Akina mama waliokuwa wakipanda kutoka mwaloni na ndoo za dagaa kichwani walikuwa wanasimama kuitazama.

Kilichoiponza ni heshima. Nyumba ilikuja na miguu yake ya chuma, imeinuka kiasi cha kuku kupita chini. Baba mkubwa akasema mtu mzima halali kwenye nyumba yenye miguu. Akaagiza kifusi, kikamwagwa kuzunguka nyumba nzima mpaka kikafukia ncha ya chini ya hadibodi, na juu yake akapanda mchaichai. Kila jioni alikuwa anaumwagilia mwenyewe, kwa ndoo, huku anapiga mluzi.

Sasa, hadibodi si ubao. Ni mti uliosambaratishwa ukawa nyuzinyuzi, kisha nyuzi zikashindiliwa kwa moto hadi zikawa bapa. Aliyeibuni ni Mmarekani, William Mason, huko Laurel, Mississippi, mwaka 1924, na kwao nyumba nyingi za kutengenezwa kiwandani zilivalishwa vitu vya aina hiyo. Kuta zikavimba, na miaka ya 1990 wenye nyumba wakafika mahakamani. Uso wake una rangi na umeshindiliwa, mvua ya kawaida unaihimili. Kiu yake iko kwenye kingo, na kingo ndizo baba mkubwa alizokuwa anazinywesha.

Vuli ilipoanza, na ile mvua ya usiku inayotoka upande wa ziwa na kupiga kwa ubavu, nyumba ikaanza kusema. Usiku wa manane unasikia tak! Unatulia, tak! tena. Bibi jirani akasema hilo ni jini la majini limefuata mwanga wa taa, akataka kuku mweupe. Mlango ukawa haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Baba mkubwa akasema paa linavuja, akaita fundi.

Fundi yule naye alikuwa mtu wa aina yake. Akang'oa mbao za ndani za ukuta unaotazama ziwa ili aone maji yanashukia wapi. Hakuona. Hakuzirudisha. Akasema dawa ni silikoni, akaziba kila penye mwanya, mpaka kule chini ambako maji yaliyokwishaingia yalikuwa yanatafuta pa kutokea. Halafu juu ya ukuta mbichi akapaka rangi ya mafuta, mikono miwili, akalipwa, akapotea. Haukupita muda, rangi ikatoa malengelenge makubwa ya kujaa kiganja. Mtoto wa jirani alitoboa moja kwa mwiba, maji yakamrukia usoni. Kesho yake alirudi na wenzake.

Mama mkubwa akatundika pazia zito ndani kuficha aibu, maana wageni wa posa ya dada yangu walikuwa wamekwishatoa taarifa.

Wakaja. Mshenga wao alikuwa mzee mwenye mwili, mpole, mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Kwa kuwa viti vilijaa wazee, yeye akapewa benchi lililopakana na lile pazia, na mimi nikapangwa kando yake nimhudumie soda. Maongezi yakaenda vizuri mpaka kwenye ng'ombe.

"Ishirini na tano," akasema baba mkubwa.

Mshenga akafanya kama wanavyofanya washenga wote: akacheka kwa sauti, akaegemea nyuma. Ukuta haukupiga kelele yoyote. Ulimpokea tu. Nguzo zilikuwa zimeoza chini, na hadibodi ikaachia kama mkate uliochovywa kwenye chai. Benchi likapinduka, mimi na mshenga tukaenda na pazia. Vichwa vyetu vikatua nje kwenye mchaichai, miguu ikabaki ndani kwenye kikao. Bata mmoja akaja kunichungulia.

Ndani pakawa kimya. Kisha nikamsikia mama mkubwa akiuliza kutoka jikoni, "Jamani, mgeni mbona ametoka bila kuaga?"

Na mshenga, aliyekuwa anatazama mawingu, akasema kwa sauti ya kikazi kabisa, "Kumi."

"Nani amesema kumi?" akauliza baba mkubwa.

"Mimi, mzee wangu. Niko huku nje."

"Ingia ndani tuongee."

"Kwa kumi naingia. Kwa ishirini na tano naona nilipo panatosha."

Wazee wakataka kutoka kutuinua, mlango ukakataa. Bega la kwanza, la pili, wapi! Ikabidi watoke mmoja mmoja kwa tundu letu, na fimbo zao na kofia zao, kila mmoja akituruka na kusema "samahani." Upande wa mume wakadai ng'ombe mmoja apungue kwa ajili ya mgongo wa mshenga. Baba mkubwa akadai aongezeke mmoja kwa ajili ya ukuta. Walikubaliana kumi na tano, wote wamesimama nje.

Aliyeiponya nyumba ni fundi mitumbwi wa pale mwaloni. Alichoma ukuta kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini, akaguna. "Hata mtumbwi tunaupandisha nchi kavu ukapumua. Nyie hii mmeizika." Akafukua kifusi na mchaichai mpaka kati ya udongo na ukuta pakawa wazi sentimita 15. Akatandaza nailoni chini ya sakafu, mvuke wa ardhi usipande, na pembeni akaacha matundu ya hewa. Vipande vilivyooza akavitupa, nguzo akabadilisha, akaacha jua lifanye kazi yake. Hadibodi mpya aliipaka rangi kingo zote nne kabla ya kuipigilia, misumari akaisimamisha usawa wa uso bila kuuchana, na juu ya kila dirisha akaweka bati jembamba lililokunjwa limwage maji nje. Silikoni aliweka kwenye viungo vya wima tu. Baba mkubwa aliomba angalau mchaichai urudi. Akanyimwa.

Siku ya sendofu mshenga alikuja. Akaugonga ukuta kwa fimbo, akausikiliza, akamsifu fundi. Kisha akatuma kijana akamletee kiti chake kutoka kwenye gari, akakiweka katikati ya chumba, mbali na kuta zote, na pilau lake akaletewa hapo hapo.