Kiti cha mwanamke: ngazi au uzio?

Jioni moja pale Busia ya Uganda, kwenye steji ya boda karibu na mpaka, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza redio alitikisa kichwa akasema: "Makamu wa Rais mwanamke, Waziri Mkuu mwanamke, Spika mwanamke. Mama zetu wanadai nini tena? Hivyo viti vyao vya bure vifutwe, washindane na sisi." Vijana waliomzunguka wakamuunga mkono. Viti alivyovisema ni vya wabunge wanawake wa wilaya: kila wilaya ina kiti kimoja bungeni ambacho wanawake pekee ndio wanaokigombea. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini hoja yake imekaa nami hadi leo.

Aliyoyataja yalikuwa kweli tupu. Juni 2021 Jessica Alupo aliteuliwa Makamu wa Rais, na Robinah Nabbanja akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Uganda. Machi 2022 Anita Among alichaguliwa Spika. Kabla yao Specioza Wandira Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais tangu 1994, wakati bara zima la Afrika halijawahi kuwa na mwanamke katika cheo hicho.

Sasa tuulize walipitia mlango gani. Katika uchaguzi wa 2021 Alupo aliingia kama mbunge mwanamke wa wilaya ya Katakwi, Nabbanja wa Kakumiro, Among wa Bukedea. Rebecca Kadaga, aliyekuwa Spika kuanzia 2011 hadi 2021, aliingia kwa kiti cha Kamuli. Winnie Kiiza, aliyewahi kuongoza upinzani bungeni, alitoka Kasese kwa kiti hichohicho. Mzee wa Busia aliwahesabu waliofika juu, kisha akataka ngazi waliyopandia ing'olewe.

Tena lile neno "bure" ndilo linaloniuma zaidi. Wengi bado wanadhani mbunge mwanamke wa wilaya huchaguliwa na wanawake wenzake, au na kikundi cha wajumbe waliofungiwa ukumbini. Enzi za wajumbe zilikuwepo kweli, lakini tangu uchaguzi wa 2006 kila mpiga kura wa wilaya, mwanamume kwa mwanamke, humpigia kura. Chukua Wakiso. Wilaya ile ina watu zaidi ya milioni 3 na majimbo manane, zikiwemo manispaa za Entebbe, Kira na Nansana. Mgombea mwanamme anazunguka jimbo moja kati ya hayo. Mgombea wa kiti cha wanawake anayazunguka yote manane: mafuta, mabango, maajenti wa vituo, mazishi na harusi za wilaya nzima. Ada ya uteuzi, iliyopandishwa hadi shilingi milioni 3 kabla ya uchaguzi wa 2016, haimpunguzii hata senti. Akishinda, amebeba kura ambazo wabunge wengi wa majimbo hawatazipata maisha yao yote. Hicho ndicho kinachoitwa kiti cha bure.

Wanaopinga kiti hiki, hata hivyo, si wote wanaoongea kwa kejeli. Kuna wanawake waliokipigania kiingie kwenye Katiba ya 1995 ambao leo wana mashaka nacho, na mashaka yao yana uzito. Wao hushika takwimu moja, nami nimeirudia mara nyingi kichwani. Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na viti 146 vya wanawake wa wilaya na majiji, na majimbo ya wazi, yanayogombewa na mwanamume au mwanamke, 353. Katika hayo 353, wanawake walioshinda hawakufika 20. Yaani katika kila majimbo mia, hata sita hayakumpeleka mwanamke bungeni, robo karne baada ya Katiba kuandikwa.

Mimi nikiisoma namba hiyo naona hatari ya kumsikiliza mzee wa Busia: vifute viti leo, na kesho wanawake wa Bunge zima watatosha ndani ya basi dogo moja la abiria. Wao wanaisoma kinyume. Wanasema kiti ndicho kilichoizaa namba yenyewe. Mwanamke akitangaza nia ya kugombea jimbo la wazi, jambo la kwanza analoambiwa ni "nenda kwenye kiti chenu". Chama kinamwambia hivyo, wazee wa ukoo wanamwambia hivyo, na hata wanawake wenzake sokoni. Cecilia Ogwal, mmoja wa wanasiasa shupavu ambao kaskazini imewahi kutoa, aliiwakilisha Manispaa ya Lira, jimbo la wazi, tangu 1996. Mwaka 2011 akaingia bungeni kwa kiti cha wanawake cha Dokolo, na hapo akabaki hadi alipofariki Januari 2024. Kadaga alikaa kwenye kiti cha Kamuli kuanzia 1989, zaidi ya miaka thelathini. Kiti kilichokusudiwa kumtoa mwanamke nje kikageuka ua wa nyumbani.

Hapo siwezi kubisha. Naongeza hata jambo ambalo watetezi wa kiti hawapendi kulisikia. Viti vilikuwa 39 mwaka 1996, vikafika 146, na ongezeko hilo lilitokana na kugawanywa kwa wilaya na kuundwa kwa majiji. Wilaya mpya huzaliwa kwa mazungumzo kati ya wakubwa wa eneo na serikali, mara nyingi uchaguzi ukikaribia, na kiti cha mwanamke huja kama kifurushi kimoja na ofisi ya mkuu wa wilaya na gari lake. Kiti kikija kwa njia hiyo, anayekikalia anajua nani wa kushukuriwa. Mwaka 1998 kifungu cha kuwapa wanandoa umiliki wa pamoja wa ardhi kilijadiliwa bungeni, na sheria ilipochapishwa hakikuwemo. Miria Matembe, aliyekipigania kifungu hicho, alikuwa waziri. Mwaka 2003, alipopinga kuondolewa kwa ukomo wa mihula ya urais, alitolewa kwenye baraza la mawaziri.

Sasa linganisha na mahakama, ambako hakuna kiti kilichotengwa. Laeticia Mukasa-Kikonyogo alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, 1986, na akapanda hadi Naibu Jaji Mkuu. Alice Mpagi-Bahigeine akamrithi. Julia Sebutinde aliingia Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwaka 2012, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuketi pale. Solomy Balungi Bossa yuko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2018. Wapinzani wa viti wanafurahia mifano hii: mnaona, wenye uwezo hawahitaji kubebwa. Na wanaongeza kwamba haki haina jinsia, kwa kuwa mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu vya sheria ya talaka vilivyomruhusu mume kuomba talaka kwa uzinzi peke yake huku mke akitakiwa athibitishe kosa lingine juu yake, wanaume kwa wanawake katika jopo lile walikubaliana.

Nakubali kuhusu 2004. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kumdai mke mahari irudishwe ndipo aruhusiwe kuondoka ni kinyume cha Katiba, Jaji Esther Kisaakye alitofautiana na wenzake kwa sehemu, akitaka mahakama iende mbali zaidi. Mwanamke aliyekwama kwenye ndoa ya kipigo kwa sababu kaka zake wameshaoa kwa ng'ombe wa mahari yake anahitaji mtu wa namna hiyo awepo chumbani hoja inapopimwa, hata akizidiwa kura.

Na yale mafanikio ya majaji hayakushuka kutoka mbinguni. Kuna Tume ya Utumishi wa Mahakama inayopendekeza majina, Rais anateua, Bunge linaidhinisha. Jaji wa Mahakama Kuu akishaapa anakaa hadi miaka 65, wa Mahakama ya Rufani na ya Juu hadi 70. Hakuna anayemwambia arudi kwenye kiti chao, na akitoa hukumu isiyowapendeza wakubwa hawezi kuondolewa kwa tangazo la redioni kama waziri. Hata hivyo, Uganda haijawahi kuwa na mwanamke Jaji Mkuu. Rwanda ilimpata Aloysia Cyanzayire mwaka 2003, Kenya ikampata Martha Koome 2021. Majaji wetu wanatosha The Hague, na katika ofisi ya juu kabisa hapa Kampala hajawahi kuingia hata mmoja wao. Uteuzi unapobaki mkononi mwa mtu mmoja, uzio upo hata pasipo kiti maalumu.

Kwa hiyo sikubali kiti cha wilaya kifutwe. Ninachokitaka ni kikomo: mwanamke akikikalia mihula miwili, wa tatu agombee jimbo la wazi, akiwa tayari na jina, wapiga kura na uzoefu. Idadi ya viti nayo itenganishwe na utitiri wa wilaya. Najua gharama yake. Chini ya kanuni hiyo Kadaga angelazimika kuondoka Kamuli zamani sana, na huenda tusingempata Spika yule. Katiba tayari inaliagiza Bunge lipitie uwakilishi huu kila baada ya miaka mitano, lakini si haki kuwashtukiza wanawake waliopanga maisha yao ya siasa kwa kanuni iliyokuwepo. Kwa walioko tayari, kuhesabu kuanze siku sheria itakapopitishwa, mihula yao ya nyuma isiingizwe.