Baba Mkubwa na Mstari wa Mwisho

Kamati ya harusi ya dada yangu ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, mimi katibu, na kompyuta ya binamu. Binamu anasomea programu chuoni, basi akakataa katakata kutumia Excel kama walimwengu wengine. Akatuandikia programu yake kwa lugha ya C: inasoma faili la ahadi, kila mtu na mstari wake, halafu inatoa orodha na jumla.

Siku ya kikao nikasimama kusoma. Wa mwisho: baba mkubwa, elfu hamsini. Chini yake tena: baba mkubwa, elfu hamsini. Nikasoma vyote, maana kazi ya katibu ni kusoma. Vigelegele vikalipuka, mama wadogo wakasimama kabisa. Baba mkubwa akanikata jicho, akakohoa, akatoa laki taslimu. Mbele ya wakwe angesema nini?

Tulipotoka, binamu akafungua kompyuta. Kitanzi chake, yaani ile sehemu ya programu inayojirudia kwa kila mstari, kilikuwa kinaiuliza feof "faili limekwisha?" kabla ya kusoma. Sasa feof haipigi ramli. Haijui kama limekwisha mpaka usome ukose. Mstari wa baba mkubwa ulikuwa na '\n' mwishoni, ile alama ya kumaliza mstari inayowekwa ukibonyeza Enta, kwa hiyo alipokwisha kusomwa feof bado ikajibu hapana. Fgets, amri inayosoma mstari mmoja kwa wakati, ikarudi tena, ikakosa, ikaleta NULL, yaani "sikupata kitu". Bafa, pale mstari uliosomwa unapowekwa, ikabaki na baba mkubwa yuleyule ndani, naye binamu, ambaye NULL hakuiangalia, akamsajili upya.

"Dakika mbili tu," akasema. Akageuza kila kitu: sasa fgetc inachukua herufi mojamoja, ikikutana na '\n' ndipo mtu anaandikwa. Ikipata EOF, ishara kwamba faili limekwisha, kazi imekwisha.

Katikati ya wiki baba mkubwa akanipigia. Mtu aliyehiji haandikwi jina kavu, aandikwe Alhaji. Shikamoo zangu zote hazikusaidia. Nikafuta mstari wake, nikauandika upya na Alhaji mbele, nikahifadhi. Enta sikubonyeza. Nani hubonyeza Enta wakati hakuna mtu mwingine wa kuandika?

Kikao kilichofuata, orodha ikaishia kwa jirani yetu. Alhaji hayumo! Herufi zake zote zilisomwa, zikakaa zinasubiri '\n' ambayo haipo. Ikaja EOF, ambayo si herufi wala mstari, na programu ikafunga duka akiwa bado ndani.

Akasimama. "Juzi nilikuwa watu wawili, leo sipo? Basi nirudishieni laki yangu."

Binamu akaandika palepale, jasho likimtoka: soma kwa fgets, endelea maadamu haijaleta NULL. Mstari wenye '\n' unapokelewa, usio nayo unapokelewa pia. Alhaji akatokea mara moja, elfu hamsini.

"Na hamsini nyingine?"

Mweka hazina akatazama dari. Ilishakwenda kwa DJ.

Usiku wa sherehe Alhaji aliweka kiti chake ubavuni mwa spika, na kila wimbo ukibadilika anamwinamia DJ: "Mwanangu, nusu ya mashine hii ni yangu. Weka taarabu."