Mfuko na mhuri
Mwandishi wa makala niliyosoma anadai mashirika yasiyo ya kiserikali yamejaa Uganda kwa kuwa serikali haifikishi huduma. Nusu kweli. Shida ilikuwepo Yumbe, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, miaka nenda rudi, lakini magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu tuliyaona yakimiminika 2016, makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalipofunguliwa na fedha za wafadhili zikafuata. Anayeamua ni mwenye mfuko, yaani mfadhili, na mwenye mhuri, yaani serikali: Agosti 2021 serikali ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo mmoja, na Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, 2025, huku kwetu mjini Arua vibao kadhaa vya mashirika vilibaki barabarani bila ofisi. Halafu vyama vyetu vya kuzikana, visivyosajiliwa popote, navyo vinahesabiwa kuwa mashirika? Wenzetu wa Gulu, kaskazini mwa nchi, kwenu yalibaki mashirika mangapi baada ya vita vya waasi wa LRA?