Haikuwa Mashetani, Ulikuwa Upupu

Kwa kuwa jirani yetu ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye grupu la ukoo, akidai nimepandisha mashetani kule Hombolo, Dodoma, mchana kweupe, acheni niseme mwenyewe. Sikupandisha kitu. Ulikuwa upupu.

Mnajua likizo hii ya Juni nimeachiwa wapwa watatu, na mnakumbuka nilivyojitapa hapa: hakuna tyusheni, hakuna katuni, tunasoma porini. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, ndiyo maana kichwa kikavimba.

Jumamosi somo lilikuwa jua. Unasimamisha fimbo itokeze mita 1 juu ya ardhi, unainyoosha kwa timazi (kamba na jiwe, msinunue kitu), unasawazisha udongo, halafu kila dakika 10 mtoto anaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Fimbo ikiinama kidogo tu, vipimo vyote ni uongo. Mwezi huu jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinalala kusini, na kikifika ufupi wake wa mwisho kina sentimita 56 hivi. Watoto hutegemea hilo litokee saa 6 kamili. Wapi! Saa za nchi hii zimepangwa kwa longitudo ya 45, ambayo inapita huko baharini. Sisi tuko karibu na 36, na kila digrii moja jua linachelewa dakika 4. Hesabuni wenyewe: ni dakika 36, yaani karibu na saa 6:40. Utamu wa somo uko hapo, waache wabishane na simu yako.

Tulikuwa na dakika arobaini za kungoja. Nikasema tusikae bure, tukusanye mbegu, kila mmoja aeleze inasafirije. Wa kwanza akaleta mbigili iliyomng'ang'ania kwenye kandambili: wanyama na miguu ya watu. Wa pili akaleta kipande cha ubuyu: nyani anakula unga, anaangusha mbegu mbali. Mimi, mwalimu, nikaona kwenye kichaka cha korongoni maganda mazuri, yamepinda kama herufi S, marefu kama kidole, yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayong'aa. Nikasema, "Hii ni jamii ya kunde, mguso wake ni kama velveti." Nikachuma manne. Nikayatia kwenye mfuko wa shati.

Wewe unayeguna, ngoja kwanza.

Kosa si kuchuma tu, kosa ni mwezi. Ganda bichi bado limeshika manyoya yake. Likikauka, na Juni limekauka, ukiligusa yanadondoka yenyewe, na upepo wa Dodoma mnaujua. Kila unyoya una miiba midogo na kimeng'enya kinachochokoza ngozi.

Saa 6:17 nilihisi kitu shingoni. Nikakipapasa kwa mkono uleule uliochuma. Saa 6:18 shingo ikawa na ndugu: kwapa, kiwiko, nyuma ya sikio. Nikaendelea kufundisha, sauti ikapanda kidogo. Nikajikuna kwa adabu, kidole kimoja. Mfuko ukabonyea. Nikasikia maganda yakipasuka, *pwa*, taratibu, juu ya kifua changu. Nikainama nitazame kivuli ili watoto wasione uso, na upepo ukaja kutoka mbele, ukayanyanyua manyoya ya mfukoni ukayapeleka ndani ya kola. Hapo ndipo utu uzima ulipokwisha. Shati likaruka. Nikauegemea mbuyu nikajisugua mgongo kama ng'ombe mwenye kupe, nikilia "Kivuli! Angalieni kivuli!" maana bado nilitaka heshima. Na ni dakika hiyohiyo jirani akapita na pikipiki.

Nikakimbilia maji. Mama yangu akanifungia mlango: "Usijikune! Unayazamisha! Mtu mzima hujui upupu?" Akakanda unga wa mtama, akaubonyezabonyeza mwilini kama anayeokota sindano, tonge moja linachafuka anatupa, anachukua jingine. Kisha majivu, kisha ndiyo sabuni. Shati likafuliwa peke yake, mara tatu. Jioni nilikula ugali kwa kijiko. Basi.

Wapwa hawakuacha kazi. Daftari la mkubwa ninalo hapa:

"6:20, sm 58. 6:30, sm 57. 6:40, sm 56. 6:50, sm 57. Mjomba ameanza 6:17, amenyamaza 7:35."

Na kwenye jedwali la mbegu, mbele ya upupu, safu ya *husambazwa na*, kitinda mimba ameandika kwa herufi kubwa: MJOMBA.